Kadi Moja, Mtu Mmoja

Mtu akitaka kugombana, achague na mahali pa kugombania. Asiende darasa la chekechea siku ya kutengeneza kadi za wapendanao, maana atashikishwa mkasi kabla hajafungua mdomo.

Ndivyo yalivyomkuta mama mkwe wa Fundi. Alitoka kwake asubuhi ile kwa shari kamili: kitambaa cha kichwa kimekazwa, mkoba umebanwa kwapani, uso umekunjwa kama wa mtu aliyeamka akipanga maneno. Enzi zake alikuwa nesi mkuu wa wodi ya wazazi. Kazi alistaafu, sauti haikustaafu, na mpaka leo watu wazima na ndevu zao humwita Sista na kujiweka sawa kola akipita. Alivuka uwanja wa bembea bila kutazama kushoto wala kulia, akasimama mlangoni mwa darasa, akavuta pumzi ya kuanzia. Hapo hapo mtoto wa kinyozi akamshika sketi, akamwambia nafasi ipo karibu na dirisha, na gundi asiile, kwa sababu yeye ameila na si tamu.

"Mimi sikuja kukata karatasi," alisema Sista.

"Hata mimi sikutaka," mtoto wa kinyozi alimjibu, akamvutia kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha kimo cha watoto wa miaka mitano. Sista alikitazama, akaona darasa zima limegeuka linamsubiri, na miaka ya wodini ilishamfundisha kwamba mbele ya watoto mtu mzima habishani. Akaketi. Goti lake la kulia, ambalo lina tabia ya kugoma, likagoma pale pale. Alijaribu kuinuka kimyakimya, likakataa. Mwalimu aliliona hilo, akasogea kumpa mkono.

"Ahsante, mwalimu. Mkono wa mtu nisiyemjua sishiki," Sista alisema kwa adabu zote, akabaki alipo.

Mwalimu akarudi kwenye sufuria yake ya gundi ya unga. Watoto walimbatiza Mwalimu Gundi, kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila gundi kwenye nywele au kwenye mkono wa blauzi, naye alikuwa amelizoea jina hilo mpaka likaanza kumpendeza. Na Sista huyo alimjua vizuri sana. Kila asubuhi alimleta mjukuu wake mpaka getini, na getini ndio ulikuwa mpaka wake. Ndani hakutia mguu hata siku moja. Shikamoo ya mwalimu aliijibu kwa kidevu. Leo ameingia mpaka ndani, na mwalimu hakuhitaji kuambiwa amefuata nini.

Amefuata habari za Fundi. Hebu niwaeleze kidogo, ili msimhukumu mtu.

Fundi ni fundi wa makochi. Karakana yake iko barabara ya nyuma ya shule, mlango wazi siku nzima, sponji na springi zimerundikwa mpaka darini. Ni mjane. Mke wake alifariki mtoto wao akiwa ndiyo kwanza anaanza kusimama dede, na mtoto huyo sasa ana pengo la meno mawili ya mbele na mdomo usiopumzika, ndiyo maana kila mtu anamwita Chiriku. Fundi mwenyewe ni mtu wa maneno machache, na si kwa kupenda: akiwa kazini huweka vimisumari vyake mdomoni, anavitema kimoja kimoja kwenye ncha ya nyundo, na mtu mwenye misumari mdomoni hapigi soga.

Alianza kuja darasani na mfuko wa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini, kwa ajili ya michezo ya mikono ya watoto. Wiki hiyo akaleta mfuko, wiki iliyofuata akaleta mfuko, mpaka mwalimu akawa na vitambaa vya kutosha kuvalisha makochi ya mtaa mzima na bado anasema vimeisha. Alikuwa amefika umri ambao hata shangazi zake walishachoka kumuuliza habari za ndoa. Akadhani na moyo wake umechoka kuulizwa. Kumbe wapi. Akisikia hatua za viatu vile vya kazi uwanjani, mikono inasahau ilichokuwa inafanya, na mara moja aliwahi kumpaka mtoto gundi puani badala ya kwenye karatasi.

Siku aliyomtamkia, walikuwa karakanani, yeye mwalimu amekaa kwenye kochi ambalo halijavalishwa, springi moja ikimchoma. Fundi aliacha kugonga. Akatoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaipanga juu ya meza bila haraka, na mwalimu akajua kwamba mtu huyu ana jambo. "Nataka tuishi pamoja," alisema. "Mimi na wewe na Chiriku. Sijui kulipamba zaidi ya hapo." Mwalimu akamwomba ampe mpaka siku ya kadi. Haikuwa kwamba ana shaka naye. Alitaka tu kupata usingizi wa kutosha kuamini kwamba ni yeye aliyeambiwa.

Na jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa kwenye droo ya meza yake, kadi nyekundu aliyoikata mwenyewe kabla watoto hawajafika, akaipamba kwa kipande cha kitambaa cha lile kochi lililomchoma. Fundi angekuja kumchukua mtoto, naye angempa. Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri, na badala yake akaja Sista.

Chiriku aliingia kutoka kunawa mikono, akamwona bibi yake dirishani amekaa magoti yakimgusa kifua. Alisimama, pengo wazi. "Bibi, umeingia ndani," alisema, kana kwamba anaona jua limeshuka kuchukua kiti. Akamrukia shingoni, akavuta kiti chake wakabanana naye, akamtangazia kila mtu kwamba huyu ni bibi yake halisi, si wa kuazima. Ugomvi wote aliokuja nao Sista ikabidi aumeze kwanza.

Mwalimu akapiga makofi mawili, darasa likatulia. Akawakumbusha sheria, nao wakaiimba pamoja naye: kadi moja, mtu mmoja. Ilitungwa mwaka uliopita, baada ya watoto kutaka kumtengenezea kila wanayemjua pamoja na paka wa jirani, karatasi zikaisha kabla ya mapumziko na nusu ya darasa ikalia. Kwa hiyo kila mtu karatasi nyekundu moja, na kila mtu amchague mtu mmoja wa kumpa. Kisha akawaonyesha namna ya kukata kopa, ule moyo wa kadi. Unakunja karatasi katikati. Unaishika pale ilipokunjwa. Unakata tumbo la kopa kuanzia hapo kwenye mkunjo, unazunguka, unarudi kwenye mkunjo. Ukifungua, ni kopa zima.

"Na ukikata upande wa wazi?" aliuliza.

"Unapata nusu mbili," darasa likajibu.

"Mwalimu, na yako ni ya nani?" mtoto wa kinyozi akauliza. "Iko kwenye droo. Niliiona."

Watoto wakataka kujua. Mwalimu alisema hiyo ni siri ya mwalimu, uso ukamwiva, na macho yake yakagongana na ya Sista. Sista hakupepesa. Alijua kabisa kadi hiyo ni ya nani.

Kazi ikaanza. Mikasi ikalia, gundi ikamwagika pale inapomwagika kila siku. Mwalimu alizunguka meza baada ya meza, na meza ya dirishani akaiacha mpaka hakuna tena pa kukwepea. Alichuchumaa pembeni ya Sista, ajifanye anamsaidia Chiriku kukunja. Sista alikuwa ameokota kipande cha kitambaa kutoka kwenye mfuko wa Fundi, anakigeuzageuza.

"Hiki si cha kochi langu?"

"Ndiyo, mama. Kilichobaki."

"Kumbe mpaka kochi langu limefika huku," alisema Sista, akatabasamu kwa ajili ya watoto, na sauti akaishusha ikawa ya kuongelea juu ya kitanda cha mgonjwa. "Nasikia na mkwe wangu amefika huku."

Sijui kama mmewahi kuona ugomvi wa watu wanaotabasamu. Wale wawili waligombana hivyo, midomo imetanuka, macho kwenye karatasi, wakikatizwa kila mara na mtu anayetaka gundi. Sista alimwambia hana kinyongo naye kama mwalimu. Mtoto amejua kushika kalamu, anashukuru. Lakini kufundisha ni jambo moja na kuingia kwenye nyumba ya watu ni jambo jingine. Mwalimu akajibu kwamba yeye hakumwingilia mtu. Alipendwa, akapenda. Sista akasema hayo ya kupendana hayamhusu, yeye ana jambo lake moja tu.

"Mimi nimezalisha nusu ya mji huu," alisema. "Nimewatoa watoto wa watu wakiwa wamefunikwa macho na mauti, wakalia, wakaishi. Wangu mwenyewe alilala siku nyingi mbele yangu, na yote niliyoyajua hayakumsaidia. Unanielewa, mwalimu? Alinifia mikononi. Nilichobaki nacho ni huyu."

"Pole, mama."

"Pole nimeshapewa nyingi."

Mapacha walikuja kushtakiana kuhusu mkasi. Mwalimu aliwasuluhisha, akarudi kuchuchumaa, na Sista akaendelea kama aliyeweka tu kalamu chini.

"Mkwe wangu aliniahidi siku ile ile ya msiba kwamba juu ya mtoto hatafanya jambo mpaka mimi niridhie. Hajawahi kunivunjia neno. Sasa mimi nakwambia wewe, sijamwambia bado yeye. Akikuoa, mtoto namchukua, nampeleka kwa mwanangu mkubwa, akalelewe na damu yake. Ukimwacha, mtoto anabaki na baba yake, na mimi nabaki jirani, mambo yanaendelea kama yalivyo. Mkwe wangu atakuja kumchukua mtoto sasa hivi. Nataka kusikia unavyomjibu."

Alipomaliza alishika mkasi, akakata karatasi yake kwa hasira moja, zwii, mpaka mwisho. Akaifungua. Zilikuwa nusu mbili.

"Bibi, umekata upande wa wazi," alisema Chiriku, ambaye ulimi wake ulikuwa nje kwa ajili ya kukata vizuri. "Mwalimu alisema. Hukusikiliza."

"Nipe karatasi nyingine."

"Hakuna nyingine. Ni moja moja."

Sista alibaki ameshika nusu moja mkono huu na nusu nyingine mkono ule. Mwalimu aliinuka, akasema anaenda kuongeza maji kwenye gundi. Gundi haikuhitaji maji. Alisimama mbele ya kabati, mgongo kwa darasa, akakoroga sufuria iliyokuwa sawa, na machozi yalipotaka kuja akayarudisha kwa nguvu, maana mwalimu wa chekechea akilia, darasa zima hulia naye.

Alimfikiria Fundi. Alifikiria vile vidole vyenye makovu ya misumari vinavyoshika kikombe kwa uangalifu kama kitavunjika, na namna anavyomtazama yeye akiwa anaongea, anamtazama mdomo kama anayesikiliza redio aipendayo. Fundi akiambiwa achague angetafuta njia ya kutochagua, angejipinda katikati ya watu wawili mpaka avunjike. Kisha akamfikiria Chiriku kwenye nyumba ya mbali, amekaa na sanduku lake, anamuuliza kila mtu baba anakuja lini. Hapo akapiga moyo konde. Akarudi dirishani.

"Mama," alisema. "Nimesikia. Nitamwambia hapana."

Sista aliinua kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Lakini usidhani namwachia kwa sababu mapenzi yenyewe ni madogo," mwalimu aliendelea, taratibu, akimpangia Chiriku vipande vya vitambaa kwa rangi. "Nampenda. Nampenda mpaka najionea aibu, mtu mzima kama mimi nasikiliza hatua za viatu. Ingekuwa mimi na wewe tu tunamgombania, ningegombana na wewe mpaka jioni. Ila huyu mtoto alishaondokewa mara moja. Sitaki aondokewe mara ya pili kwa ajili yangu. Usimpeleke popote, mama. Hilo tu ndilo ninaloomba."

Chiriku aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Nani anaenda popote?"

"Hakuna," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Sasa Sista alikuwa amepata alichokifuata. Angeweza kufungasha mkoba wake, goti likimruhusu. Badala yake alichukua gundi, akaanza kupaka nyuma ya nusu zake bila kujua anazipaka za nini, na hakumtazama mwalimu tena. Mtu akishinda hivi hivi, bila kupigwa hata ngumi moja, ushindi haukai vizuri mwilini.

Watoto waliomaliza walianza kutundika. Darasani humo kamba imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba kuna vibanio vya nguo, kila mtoto na chake. Kwa kuwa hawajajua kusoma, kila kibanio kimechorwa alama: samaki, ufunguo, mwavuli. Cha Chiriku kimechorwa ndege. Chiriku alibeba kadi yake kubwa, akambusu nayo bibi yake shavuni. "Hii ni yako. Lakini kwanza inakauka." Kisha akaokota vile vipande vyekundu vinavyobaki pembeni ukishakata kopa, vile ambavyo wenzake huvifagia. Kutoka humo akakata kikopa kidogo, cha kutosha kulala juu ya ukucha wa dole gumba, akaiendea kamba. Kadi ya bibi akaibana kwenye ndege. Kikopa akakibana kwenye kibanio kilichofuata, cha bluu, kisicho na alama.

"Hicho kibanio ni cha nani?" Sista aliuliza.

"Cha mama."

Alisema hivyo kama anayesema hilo ni koti la mama. Sista akaweka brashi ya gundi chini.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Siku ya kwanza nilipokuja, kila mtu alipewa kibanio, nikalia kwa sababu mama hana. Mwalimu akamtafutia. Sasa kila tukitengeneza kitu namtengenezea na yeye kidogo, cha masalia, kwa hiyo sivunji sheria. Vya zamani viko kabatini. Mwalimu havitupi."

Sista alimgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa akimfunga mtoto mmoja kamba za viatu, na hakuinua kichwa.

"Na huwa unamwambia nini?" Sista aliuliza, na sauti yake ile iliyotikisa wodi ilikuwa imeishia mahali fulani.

"Habari za nyumbani. Leo nimemwambia umeingia ndani." Chiriku alifikiri kidogo. "Ila simjui vizuri. Mwalimu alisema nikitaka kujua alivyokuwa, nikuulize wewe, kwa sababu wewe ndiye unayemjua kuliko wote. Lakini wewe ukiulizwa unalia. Namuuliza baba, naye ana misumari mdomoni."

Hapo ndipo Sista alipovunjika. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kile kiti cha mtoto, nusu mbili za kadi zimemgandia vidoleni, machozi yakimshuka bila kuyafuta, kwa kuwa mikono yote ilikuwa gundi. Miaka yote hii alikuwa akiogopa kwamba atakuja mwanamke amfute binti yake kwenye nyumba. Kumbe aliyekuwa akimficha binti yake ni yeye, kwa kilio chake mwenyewe, na aliyemtafutia mahali pa kukaa ni huyu ambaye yeye alikuja kumfukuza.

"Ndiyo hivyo," Chiriku akamwambia mwalimu, mnyonge. "Nimemliza tena."

"Njoo," alisema Sista. "Njoo hapa, mjukuu wangu. Hujakosea." Akamvuta kwa viwiko. "Mama yako akicheka alikuwa anaziba mdomo. Hivi, kwa mkono."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na pengo kama lako. Liliota jino, na bado akaendelea kuziba. Tabia ikamganda. Siku ya harusi yake alicheka hivyo mpaka baba yako akadhani anaumwa jino."

Chiriku alicheka. Akajaribu: akacheka tena, mkono mdomoni. Sista alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, na mwalimu, ambaye alijiapiza hatatazama, alitazama, na yale machozi aliyoyarudisha kabatini yakamwahi.

Ndipo Sista akainua zile nusu zake. Akamwagiza Chiriku achukue moja akaibane kwenye kibanio cha bluu, juu ya kile kikopa, binti yake ajue kwamba imetoka kwa mama yake. Watoto walikuwa wamesogea, maana kuona bibi anayelia si jambo la kila siku, na mtoto wa kinyozi akauliza ile nusu nyingine ni ya nani.

"Ya mwalimu," alisema Sista.

Darasa likapinga kwa nguvu moja. Kadi moja, mtu mmoja, bibi. Sheria ni sheria.

"Yangu ni nusu mbili. Sikusikiliza maelekezo," Sista aliwaambia. Akaichukua nusu ile iliyobaki, gundi ikiwa bado mbichi, akaiweka katikati ya kiganja cha mwalimu, akaikandamiza kwa kiganja chake. Mkono hakuuondoa.

"Niinue, mwanangu," alisema. "Goti limegoma."

Mwalimu alikuwa ameitwa mwalimu tangu asubuhi, kila neno na baridi yake. Hili la mwanangu lilikuwa na joto lake. Akakaza miguu, akamvuta, na Sista akainuka pole pole, akapata kimo chake, na wakabaki wamesimama wameshikana mikono, kwanza kwa sababu ya gundi, halafu si kwa sababu ya gundi.

Hivyo ndivyo Fundi alivyowakuta. Alikuwa mlangoni na mfuko wake wa vitambaa, vumbi la sponji kwenye nyusi, na kwa haraka ya kuwahi alikuwa amesahau misumari mdomoni. Alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mwalimu, akaiona mikono, akaona macho mekundu manne. Uso ukamshuka. Akainua vidole kuanza kuitoa misumari.

"Iache hapo hapo mdomoni," Sista alimwambia. "Tunaongea wanawake."

Fundi akaiacha.

"Lile nililokuja nalo nimelirudisha," Sista alimwambia mwalimu, kwa sauti ya chini, bila tabasamu la kuwapoza watoto. "Mtoto haendi popote. Ila nina neno. Kibanio kile kisiondoke."

"Hakiondoki, mama."

"Hata Mungu akiwajalia watoto wengine."

"Hata hapo. Wao pia wataambiwa ni cha nani."

"Na nyumbani? Nyumbani binti yangu atawekwa wapi?"

"Hapo sijui," mwalimu alisema. "Utatuonyesha wewe. Utakuwa unaingia ndani, sio kuishia getini."

Sista alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika. Akanasua kiganja chake, akaokota mkoba, akamshika Chiriku mkono na kumwambia watatangulia kutembea taratibu, njiani bibi atamsimulia habari nyingine za mama yake, na bibi akilia asiogope, ni macho tu. Mlangoni alimpita Fundi, akasimama, akamkung'uta vumbi la sponji begani kama alivyokuwa akifanya mke wake alipokuwa hai.

"Mwalimu ana kadi kwenye droo," alimwambia. "Kadi moja, mtu mmoja. Kachukue iliyo yako."

Fundi alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama pale dirishani, gundi kwenye nywele, nusu ya kopa jekundu imemganda kiganjani, hajui aicheke au ailie. Fundi aliweka mfuko chini. Akasogea mpaka kwenye meza yenye droo, akainua mkono, na msumari mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akaanza kuitoa mdomoni.